Pengo Kwenye Safu

Mama alinipigia simu nikiwa ofisini kiwandani, na hakunisalimu. "Lori imetupita tena jana. Majani yote tumemwaga. Hiyo kompyuta yako inatuchukia ama ni wewe?"

Iliniuma, kwa sababu skripti ile, yaani programu fupi ya kupanga safari za malori, niliiandika mimi na nilikuwa nimejigamba nayo kila mahali. Kila asubuhi iliwatumia madereva majina ya vituo vya kuchukua majani chai. Barabara ikiharibiwa na mvua, nilikiondoa kituo chake kwenye safu, ile orodha ya vituo yenye namba, kwa amri ya unset, basi. Lakini kila nilipoondoa kimoja, kituo cha mwisho hakikutajwa, na cha mwisho kilikuwa cha mama, kule Kimulot karibu na msitu. Meneja alikuwa amenionya kwamba kikirukwa tena, skripti inatupwa na mimi narudi kupima majani kwenye mizani. Na asubuhi hiyo daraja moja lilikuwa limefunikwa na maji, kwa hiyo ilinibidi niondoe kituo tena.

Nilikodolea macho skrini nyeusi hadi nikawakumbuka akina mama wa kituoni kwetu. Wao hupanga vikapu kwenye foleni, na mtu akiambiwa atoe chake kando achambue majani magumu, nafasi yake haiguswi. Ukiijaza utasemwa hadi jioni. Kompyuta nayo ilikuwa na adabu hiyohiyo. Nilipoondoa kituo, iliacha pengo, na vingine vikabaki na namba zao za zamani. Mimi, mjuaji, nilikuwa nahesabu vilivyobaki, kisha naita namba kutoka mwanzo hadi hesabu hiyo iishe. Pengo lilikula zamu moja, na wa mwisho hakuitwa.

Niliongeza mstari mmoja tu, wa kuvihamishia vituo vilivyobaki kwenye safu mpya isiyo na pengo. Nikaijaribu. Kimulot ikatokea mwishoni. Nilipiga meza kwa furaha, chai ya jirani yangu ikamwagika, na sikumwomba msamaha. Nikawatumia madereva.

Saa sita simu ya mama ililia. Meneja alikuwa mlangoni, nikaweka sauti ya juu makusudi ili asikie injini ikinguruma na akina mama wakicheka.

"Lori iko hapa," mama akasema.

"Mama, unajua shida ilikuwa wapi? Ukiondoa kituo kimoja..."

"Utanieleza jioni. Wacha nikate simu, foleni inasonga."