Nilivyowapekua Washenga Mlimani

Jamani, juzi nimejiaibisha mbele ya wakwe! Wazazi walitutoka mapema, nami niliye mkubwa nikaacha shule na kushika usukani ili wadogo zangu wale. Kwa hiyo washenga walipotaka kumposa mdogo wangu Neema, baba ni mimi. Nikawafuata Itumba niwalete kwetu Vwawa kwa gari langu, waone kwamba binti ana kwao.

Katikati ya mlima redio ikakata, taa za dashibodi zikapotea, injini ikazima! Nikaujua ugonjwa papo hapo: washenga walikuwa wanachaji simu.

"Mnaninyonyea umeme, wazee wangu! Chomoeni!"

Wakachomoa. Nikawasha, kimya. Nikawashusha wasukume na makoti yao ya posa. Kimya!

"Kuna simu mmeificha," nikasema, nikaanza kuwapekua mifukoni. Wakwe, jamani!

Mshenga mkubwa akafungua boneti mwenyewe. Betri, ambayo nilikuwa nimeibana kwa gunzi la mahindi, ilikuwa imecheza na waya wake umechomoka. Akalichomoa gunzi, akaliinua wenzake walione.

"Haya, mkwe," akaniuliza, "na simu hii ni ya nani?"