Shati la Watu Watatu

"Kwa hiyo msimamizi akikuita, utaenda?" Kola aliuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Nitaenda mbio," Mikono akajibu. "Viatu nitavalia njiani."

"Peke yako?"

"Dada, wewe una mume. Mimi nina midomo mitatu nyumbani, na hakuna hata mmoja unaojua kufunga."

Vifungo akautupa mkasi mezani. "Ndiyo maana mikono yako yote huvutia kwako!"

Nikacheka kutoka kitandani. Wote wakanigeukia.

"Bibi, hili si la kucheka," Vifungo akasema.

"Nikilia mimi, wanangu, cherehani zitashika kutu."

Huyu Kola ni mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu. Jina lake halisi, hata mumewe hufikiri kwanza ndipo alitamke. Aliingia kiwanda cha mashati akiwa msichana, wakampa kola, na kola ikawa maisha yake. Mwenzake wakampa mikono, mwingine mwili wa shati na vifungo. Walikaa mstari mmoja, kila mtu akitazama mgongo wa mwenzake, na maongezi marufuku. Miaka yote hiyo walijuana kwa visogo.

Kisha kiwanda kikafungwa. Hakikufa, hakikupona. Msimamizi alisema "tutawaita," akaondoka na funguo. Ukifiwa, unalia, unazika, unakula. Lakini "tutawaita" utaizika wapi? Kola akakosa usingizi. Kila asubuhi aliipiga pasi sare yake ya kazi, mpaka ikang'aa, nikawa najitazamia meno humo. Yote mawili yalionekana vizuri.

Siku moja akajipa moyo ashone shati zima. Kola ilisimama kama askari. Lakini mkono mmoja ulielekea mbele, mwingine nyuma. Mwanangu alipolivaa, mbwa wa jirani alishindwa kujua kama anakuja au anaondoka, akabweka mara mbili ili awe na hakika. Kola hakucheka. Alikaa sakafuni na lile shati, akasema, "Mama, kumbe sijui kushona."

Nikamtuma kwa mwenye mikono. Akakuta mikono imejaa chumba kizima, ya kulia na ya kushoto, haina shati la kushikia. Watoto wamelala ndani yake, kila mmoja na wake. Wakaliliana kidogo, kisha wakamfuata Vifungo.

Walikuja na cherehani zao hapa chumbani kwangu. Walitaka kupanga mstari kama kiwandani, lakini mstari ulifika kwenye kitanda changu ukakosa njia, ukajikunja. Ndipo wakajikuta wanatazamana usoni. Mwanzoni waliona haya kama maharusi. Halafu Vifungo akagundua kwamba Mikono hushona ametoa ulimi nje, na hapo kicheko kikaanza. Tangu siku hiyo akiugua mmoja, wenzake huenda kumwogeshea watoto.

Leo asubuhi habari ikatufikia: msimamizi anapita nyumba hadi nyumba. Huyu anamchukua, yule anamruka. Kazi itadumu muda gani, mwenyewe hajui.

"Tumwambie sote au hakuna," Kola akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Na akisema hakuna?" Mikono akauliza.

Kola akauondoa mguu kwenye cherehani.

"Mimi si mbaya," Mikono akasema. "Hapa nacheka, kweli nacheka. Lakini kicheko hakiingii sufuriani."

"Na sisi je?" Vifungo akadakia. "Tushone vizibao visivyo na mikono mpaka kufa?"

Mikono nusura acheke, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kola akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Basi nijibu moja tu. Akikuchukua wewe, mimi akaniruka, jioni utapita hapa uka..."

"Hodi," ikasema sauti ya kiume, na mlango ukafunguka kabla hatujakaribisha. Msimamizi, na funguo mkononi.

Wakasimama wote watatu. Na bila ya kuambiwa, kila mmoja akaugeukia mgongo wa mwenzake.