Lipshaini na Kuku wa Mama Jirani

Juzi nilisimama karibu saa nzima kwenye duka la vipodozi pale Singida mjini, mkoba begani, nikimngoja binti yangu achague lipshaini ya midomo. Tulikuwa njiani kwenda nyumbani Sekenke na gari letu lilikuwa limeshaanza kupiga honi stendi. Yeye hana habari. Kila kichupa anakifungua, anachomoa kijiti, anachora mstari mgongoni mwa mkono, kisha anauinua mkono kwenye mwanga wa mlangoni. Fedha. Shaba. Waridi yenye kumetameta. Zambarau inayong'aa kama bati jipya. Alipofika kwenye dhahabu akanigeukia na kuniuliza, "Mama, hii inanipendeza?" Nikaanza kucheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama kama mtu mwenye homa. Ningemweleza nini na gari linapiga honi? Wewe ndiye nitakayekueleza, maana wewe una subira.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, darasa la tano, nikiishi na bibi mzaa mama chini ya mlima. Kwetu wakati ule ukiamka asubuhi unasikia majogoo na nyundo. Wanawake waliponda mawe ya dhahabu nje ya nyumba zao, ko, ko, ko, kabla ya kwenda shamba na baada ya kurudi. Wanaume walishuka mashimoni, na yale mawe waliyoyadharau ndiyo yaliyoletwa nyumbani. Yanapondwa, yanatwangwa kwenye kinu cha chuma, yanachekechwa, kisha unga wake unaoshwa kwenye karai. Unazungusha maji taratibu, unainamisha, mchanga mwepesi unatoka na maji, ule mweusi mzito unabaki chini. Kama Mungu amekukumbuka, pembeni ya ule mweusi kunakuwa na kamstari kembamba ka njano. Kama hajakukumbuka, unarudi kwenye nyundo.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa macho ya wanawake wote pale. Walimletea makarai yao ayatazame kabla mnunuzi hajayatia mkono, kwa sababu mnunuzi huona kidogo hata penye kingi. Bibi alikunja uso, akainamisha karai kwenye jua, akasema ipo au haipo, basi, hakuna aliyebisha. Alinukia moshi na mafuta ya alizeti, na alikuwa na maneno machache sana, mengi yakiwa ya kunigombeza.

Siku ya mnada alinituma chumvi. Chumvi tu. Alitema mate pale mlangoni akaniambia niwe nimerudi kabla hayajakauka. Watoto wa siku hizi hawalijui agizo hilo, lakini sisi tulikimbia kweli, tukiamini mtu mzima amekaa anayatazama yale mate.

Nami nilikimbia, kwenda. Kurudi ndiko kulikoharibika. Pale mnadani, katikati ya vumbi la ng'ombe na harufu ya mbuzi wa kuchoma, alikuwapo mama mmoja mnene aliyekuja na lori kutoka mjini, ametandaza turubai na kupanga vichupa juu yake. Lipshaini! Tulizoea mafuta ya mgando ya kujipaka midomo isipasuke kwa upepo wa kiangazi. Hizi zilikuwa zinawaka. Yule mama alikuwa na vichupa vya kujaribia amevifunga kwa uzi visipotee, na sheria yake ilikuwa moja: jaribu mkononi, usiguse mdomo, mdomo ni wa mtu mmoja. Basi mimi na rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja tukajaribu. Tulianza kwenye kifundo cha mkono na fedha. Tukapanda na shaba, waridi, zambarau, kila mstari juu ya mwenzake, tukabishana ipi inamfaa mwalimu wetu wa Hesabu ili apunguze ukali. Tulipofika kiwikoni nilikuwa nimebakiwa na dhahabu, na hiyo niliipaka kwa pupa, mistari mitatu minene. Mama akageuka kumhudumia mteja wa kweli, nami nikakwangua kidogo kwa kidole nikajipaka mdomoni. Nilijiona mke wa mkuu wa wilaya.

Njiani nikakumbuka mate. Nikajifuta mkono kwa mchanga mkavu na majani, nikateremsha mkono wa sweta la shule na kujilamba mdomo mpaka ulimi ukawa mchungu. Nilidhani imetoka.

Nilipofika bibi hayupo, amekwenda kitongoji cha pili kumjulia hali mgonjwa. Nikashukuru. Mama jirani, ambaye ua wake na wetu vilitenganishwa na minyaa tu, alikuwa ameinama kwenye karai lake. Alikuwa mama mwembamba, mcheshi, mumewe amekwenda mbali kufuata mashimo mengine, na kwa wiki tatu nzima alikuwa akiponda rundo moja la mawe ambalo kila mtu alimwambia limekufa, halina dhahabu. Karai lile lilikuwa la mwisho. Mgongo ulikuwa unamuuma. "Mwanangu, njoo unizungushie kidogo," akaniambia, "mimi ninyooshe kiuno."

Nikapandisha mkono wa sweta nisiulowanishe, nikatumbukiza mikono mpaka karibu na viwiko, nikazungusha. Jua la saa tisa lilikuwa linapiga ndani ya karai. Aliporudi kuinama, akasogeza uso karibu na maji, kisha akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo.

"Imetoka! Jamani, imetoka!"

Nami nikatazama. Vipande vidogo vya njano vilikuwa vinazunguka na maji, vingi, vinameta. Kweli nakuambia, hata mimi niliamini. Nilirukaruka naye. Alinishika mkono akaubusu bila kuutazama, macho yakiwa kwenye karai, akasema mkono huu una baraka. Wanawake wakaja mbio na vigelegele. Na hapo ndipo nilipoona, kati ya vile vya njano, kimoja cha zambarau.

Dhahabu gani ya zambarau? Nilifumbua mdomo niseme, lakini mama jirani alikuwa anaimba, ameshalifunika karai kwa kanga asiliguse mtu mpaka bibi arudi. Na nilijua kinachofuata. Kwetu aliyeona dhahabu kwenye karai la mwisho la rundo lake alipika siku hiyo hiyo kwa wote waliomsaidia kuponda, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake, asije mtu kusema kesho kwamba ameficha. Mama jirani alikuwa na kuku mmoja tu anayetaga, wa madoadoa. Mayai ya kuku yule ndiyo yaliyokuwa sabuni na madaftari ya wanawe. Alimkamata yeye mwenyewe, akamfunga miguu kwa ukili, akaniwekea kwapani. "Mpeleke kwa babu akachinje. Mkono wenye baraka ndio umpeleke."

Babu huyo alikuwa mzee wa Kiislamu aliyekaa mwisho wa kijiji. Wakristo kwa Waislamu tulipakana ua kwa ua, kwa hiyo nyama ya kuliwa na wote aliichinja yeye, asibaki mtu nje ya sufuria. Njia ya kwenda kwake ni fupi, lakini siku ile niliitembea kama naenda Dodoma. Kuku alikuwa na joto, moyo wake unadunda kwenye mbavu zangu, na wangu unajibu. Nilisimama mara tatu. Mara ya pili nilimwambia yule kuku anisamehe. Nilikuwa naogopa bibi, naogopa mama jirani, naogopa zaidi ule wimbo aliokuwa anauimba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani kaona?"

"Mama jirani."

"Alhamdulillahi. Kahangaika sana yule." Akachukua kisu, akanipokea kuku, akamshika mabawa. Kisha akavitazama vidole vyake. Akavisugua. Akamtazama kuku. "Huyu kalala wapi? Mbona ananing'aria?" Halafu akanitazama mimi, taratibu, kuanzia mkono wa sweta mpaka usoni. "Na huo mdomo umekula nini?"

Nikaangua kilio. Nilimweleza yote, turubai, vichupa, mkono, karai, kwa kwikwi tupu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kisu kwenye ala.

"Mwenye kuku umemwambia?"

"Bado, babu."

"Basi twende ukamwambie. Na kuku umbebe wewe."

Tulikuta bibi amesharudi. Alikuwa amesimama juani katikati ya ua, karai mikononi, wanawake wamemzunguka. Sufuria la maji lilikuwa linachemka kwenye mafiga. Bibi aliinamisha karai kushoto, akainamisha kulia, akapuliza. Vile vipande vikasogea juu ya maji.

"Vinaelea," akasema. "Nimeosha mchanga tangu sijaolewa. Sijaona dhahabu ya kuelea."

Nikavua sweta. Kuanzia kifundo mpaka kiwiko mkono wangu ulikuwa umechafuka rangi zote za turubai la yule mama, nusu zimefutika, nusu zinawaka. "Ni mimi," nikasema.

Mama jirani alikaa juu ya kinu alichokipindua. Hakuna fimbo ya bibi iliyowahi kuniuma kama kumtazama pale. Nilimwona mtu mzima akishusha mabega taratibu, wiki tatu zote zikimwangukia pale, na mimi ndiye niliyemfanya kwanza aimbe.

"Kuku wangu mzima?" akauliza mwishowe.

"Mzima, mama."

"Mlete." Akampokea, akampapasa chini ya tumbo kwa mazoea yake. "Kumbe ana yai," akasema. Na sijui ni yai lile au ni nini, akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mwili mzima. "Wiki tatu navunja mawe na mgongo wangu, kumbe dhahabu iko mnadani, ndani ya kichupa!" Ua mzima ukalipuka. Mzee wa kuchinja alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mama jirani akanivuta mkono, akakwangua kwa kidole ile dhahabu iliyobaki kiwikoni, akajipaka midomo, akaibana na kuiachia. "Nikoje?"

"Umependeza," bibi akajibu bila kutabasamu. "Sasa rudi kwenye nyundo." Kisha akanigeukia. "Na chumvi iko wapi?"

Chumvi! Nilikuwa sijainunua kabisa. Jioni ile wageni wote walikaa, maana walikuwa wameshakuja, wakala ugali wa uwele na mlenda usio na chumvi, wakinitaja kwa kila tonge. Adhabu yangu ilikuwa kumpondea mama jirani mawe wiki mbili, kila nikitoka shule. Huko ndiko nilikojifunza kuzungusha karai vizuri, na huko ndiko nilikompenda, maana kila siku akinikaribisha alikuwa ananiuliza kama nimekuja na zambarau.

Siku hizi nyundo hazisikiki. Mawe yanasagwa na karasha, mashine inayonguruma mchana kutwa kule ng'ambo, na hakuna anayemletea mtu karai alitazame. Bibi yangu amelala nyuma ya kanisa. Mzee wa kuchinja naye amekwenda, ua wake sasa ni wa mjukuu wake. Minyaa imekatwa, umejengwa ukuta wa matofali. Naupita nikiwa na hamu ya kuchungulia, na hakuna pa kuchungulia.

Lakini juzi tulipofika, mama jirani alikuwapo, amekaa kwenye mkeka mlangoni pake, macho yameingia ukungu. Binti yangu akapiga goti akamwamkia. Mama jirani akaitikia, akaushika ule mkono uliojaa mistari, akauinua juani, akauinamisha kushoto, akauinamisha kulia. Alikuwa bibi yangu kabisa.

"Leo ilikuwa siku ya mnada?" akauliza.

Nikacheka, nikamtolea kichupa cha dhahabu nilichomnunulia. Binti yangu akampaka. Mama jirani akaibana midomo na kuiachia, kama siku ile, akataka kujua yukoje, tukamwambia amependeza. Akamwita mtoto wa nyumbani kwake amkamate kuku mmoja, wa madoadoa. "Ukoo wa yule yule," akaniambia. "Yai lile nililiacha likaatamiwa. Nilijua kuku wako utakuja kumla tu."

Kuku akafungwa miguu, akawekwa kwapani mwa binti yangu, akaelekezwa kwa mjukuu wa mzee. Nilisimama nikamtazama anavyoshuka ile njia, mkono unameta kwenye manyoya, na nilijua kwamba huko anakokwenda hakuna atakayemtazama mdomo na kumuuliza umekula nini. Nyuma yangu mama jirani alikuwa anapapasa mkeka akinitafuta.

"Wewe," akasema, midomo yake ikiwaka dhahabu, "na leo chumvi umeleta?"

Nilikuwa nimeleta. Pakiti mbili, chini kabisa ya mkoba. Nikamwekea mikononi, akazipima uzito kwa viganja kama anayepima dhahabu, akasema, "Ipo."