Vidole vya Mama Foronya

Mama Foronya, kama wenzake walivyomwita, alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na saba, kwa maji ya moto na dawa kali ya madoa. Alipostaafu, alivaa gauni lake la kuendea harusi, akaenda kudai mafao kwenye mfuko wa akiba ya wafanyakazi.

Karani alimwambia aweke kidole kwenye mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka cha pili, cha tatu, hadi vyote kumi vikaisha.

"Mama, alama zako zimefutika."

"Zimefutwa na kazi, mwanangu. Kazi hiyohiyo ambayo mshahara wake mlikuwa mkiukata kila mwezi."

"Nakuamini. Ila mashine ndiyo haikuamini."

Akamtuma hospitali kuchukua barua ya kumtambulisha. Alirudi nayo, ina muhuri na sahihi. Karani aliisoma yote, akaitia kwenye faili, kisha akamsogezea tena mashine ileile. Nyekundu.

"Sasa nifanyeje?"

"Pumzisha mikono miezi mitatu, usiguse sabuni. Huenda alama zikarudi."

"Mkono mtupu haulambwi, baba. Na huu wangu hata kuutambua hamuutambui."

Karani alilifunga faili.

Tangu astaafu, Mama Foronya alikuwa akila kwa kuwafulia majirani. Asubuhi iliyofuata aliinamia beseni, akajaribu kusugua kwa viganja tu, vidole kavinyanyua juu. Kola za mashati hazikutakata. Akavishusha vidole majini, vyote kumi, akaendelea kufua.