Boti Isiyokata Kona

Hapana kaka, usinikatize! Tangu umefungua hiyo simu unanionyesha bodi za boti za rimoti, matumbo matupu bila mota, na swali lako ni moja tu: ipi ina spidi? Eti nakuza mambo, kitu cha kumnunulia mtoto hakihitaji kesi. Sawa. Mimi boti sijasomea popote. Nilifundishwa na bwawa la shamba la kahawa kule Karatu, chini ya msitu, na mpaka leo nikisikia kimota kinalia juu ya maji, naangalia kwanza watoto wako wapi.

Tulikuwa tunaenda kule mchana kweupe, maana jioni nyati wanashuka kunywa. Bibi akinituma maji ya mbuzi, huku anapepeta mahindi yake, wimbo ni ule ule: "Bwawa halina mpini." Yaani ukiteleza, huna pa kushika. Mimi naitika "ndiyo bibi", mdomo umejaa kiazi cha moto, nimeshafika getini.

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa jirani yetu, mchonga mizinga ya nyuki. Baba yangu alikuwa mpishi wa loji, siku moja akaja na gari la rimoti lililoachwa na wageni, tairi mbili hazipo. Tukang'oa mota na usukani wake, tukakata pangaboi kwenye kopo la maziwa. Bodi tuliiga kwa jirani. Mzinga wake ni gogo la mringaringa lililopasuliwa katikati, kila kipande upande mmoja bapa, mwingine mviringo. Na sisi tukapasua kigogo chetu, tukachonga ncha, tukaunga vipande viwili kwa vijiti, maji yapite katikati. Boti ya matumbo mawili! Ule ubapa tukauweka nje. Unajua kwa nini? Tupate pa kuandika majina.

Aisee, ilikimbia! Rimoti ninayo mimi. Ilipofika katikati nikakata kona, ule ubapa wa nje ukajikita kwenye maji kama jembe, boti ikabiringika. Mota ikazimika.

"Baba yako atatuua," mwenzangu akasema, anavua shati.

"Acha bwana, maji yale..."

"Mwoga we! Shika shati langu."

Akaingia. Maji magotini, kiunoni, kifuani. Akaikamata boti, akageuka anacheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Nimekwama," akasema. Hakupiga kelele, alisema polepole, kama mtu asiyetaka matope yamsikie. Maji yakapanda shingoni. Mimi ninayejibu kila mtu, ninayepigana na kila mtu, nilisimama pale na shati mkononi, mkojo unanishuka miguuni. Sauti ilipokuja ilikuwa yowe.

Jirani alitoka msituni mbio na ile kamba ya kupandishia mizinga mtini. Alirusha mara mbili. Mara ya pili mwanawe akashika, tukavuta wote wawili, akatoka mweusi wa tope na boti kaibana kwapani. Nilingoja fimbo. Mzee akakaa chini, akaigeuza ile boti weee, mpaka pumzi ikamrudia.

"Mmegeuza nyie. Bapa likae ndani, huu mviringo nje uteleze maji yakiusukuma. Majina yenu andikeni madaftarini."

Tulipoiunga upya na kuijaribu tena, alishika rimoti mwenzangu. Mimi nilimshika yeye, shati lake mikono miwili, sikuachia. Boti ikalala kidogo, ikakata kona kama mbayuwayu, ikarudi mpaka miguuni petu. Yeye akashangilia. Mimi nikamvuta nyuma hatua mbili.

Nimepita pale juzi. Bwawa limejaa mchanga, watu wamelima vitunguu. Bibi hayupo, na tezo la jirani la kuchongea mizinga halisikiki tena asubuhi. Mwenzangu anaendesha gari la watalii kreta, kule kwenye wanyama, na mtu akimsema vibaya mbele yangu, ajiandae. Lakini matope yale bado nayaota.

Kwa hiyo hiyo bodi ya bei ya ofa, bapa nje, inayokwenda kama risasi: ikibiringika katikati, utamtuma mtoto wa nani akaifuate?