Usiitike Mara ya Kwanza

Kwetu mtoto alifundishwa kuitika kabla hajafundishwa kuuliza. Wa kike akiitwa aseme "Abee," wa kiume aseme "Naam," na anayejibu "Nini?" alikuwa anatafuta kofi. Lakini jua likishazama sheria iligeuka. Usiku ukisikia unaitwa, nyamaza. Ukiitwa mara ya pili, nyamaza. Wito wa tatu ndio wa binadamu, kwa sababu jini, walisema wakubwa, haiti mara tatu. Ukiitika wa kwanza umempa roho yako mkononi. Mimi sikuwahi kumuona mtu aliyekufa kwa kuitika. Niliyemuona alikufa kwa kutoitikiwa, naye alikuwa mwanangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa masika. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, basi mume wangu alinitoa nyumbani kwetu Kikwajuni akanirudisha Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa mama na marehemu baba. Nikajifungua salama mtoto wa kike. Nilipewa chumba cha chini, chenye kuta nene na dirisha moja dogo lililotazama kichochoro. Jua lilipita pale kwa haraka, kama mgeni asiyetaka kula. Mama alilala chumba cha pili, ukuta mmoja tu baina yetu.

Aliyenihudumia ni somo yangu, yaani yule mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo na akanisimamia siku ya harusi. Alikuwa mkali, mwenye mikono mizuri ya kukanda, na hakuna jambo la uzazi asilokuwa na neno lake.

"Mzazi ni chungu kibichi," alikuwa akisema. "Asipopata moto hupasuka."

Basi nikapewa moto. Uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, maji ya moto ya kukandwa mpaka ngozi iwake, na usiku seredani ya makaa chini ya kitanda changu cha kamba. Nilikuwa nikitokwa na jasho kama mpishi wa harusi, na nikilalamika naambiwa nishukuru, wenzangu hawana wa kuwawashia.

Seredani hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Makaa huwashwa uani, yakapepewa mpaka yakawa mekundu tupu, ndipo ikaingizwa ndani. Lakini usiku ule mvua ilikuwa inanyesha tangu alasiri, na uani palikuwa maji matupu. Somo aliyawashia makaa chini ya ngazi. Yalikuwa na unyevu, yakakataa kushika, akapepea mpaka mkono ukamchoka. Akaileta seredani ikiwa nusu bado nyeusi. Juu yake akatia udi, na udi ukifuka husikii harufu nyingine.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba. Mtoto angenyolewa, angepewa jina, angetolewa nje aonyeshwe jua. Mbuzi wa akika alikuwa keshafungwa kwenye nguzo ya ukumbi, analia kama aliyeambiwa habari zake. Mimi nilikuwa na furaha, ingawa baada ya Isha kichwa kilianza kunigonga.

"Baridi hiyo," somo akasema. "Mzazi kichwa kikimuuma, baridi ishaingia."

Akaongeza makaa. Mama akakomea dirisha kwa kumuogopa bundi, maana bundi na mtoto mchanga hawapatani, kisha akakunja kanga kuukuu akaziba ufa wa chini ya mlango. Wote wawili walifanya kwa mapenzi. Nalisema hilo mapema, kwa sababu hasira ninayo mpaka leo na sina wa kumpa. Somo akajitanda, akafungua mwavuli, akaenda zake kwao. Mama akaurudishia mlango, akaisukuma tena ile kanga chini yake kutoka nje kwa ncha ya kidole, akanambia akiwa nyuma ya mlango, "Lala, mwanangu. Kesho kutwa nzima ni wageni."

Sijui nililala muda gani. Niliamka ulimi umekuwa mzito, na kichwa si kuuma tena bali kinapasuka. Kandili ilikuwa inawaka kidogo. Nikamtazama mtoto ubavuni pangu. Shavu lake lilikuwa jekundu, zuri, na nikajisemea kwamba sasa anaanza kunawiri. Halafu nikaona kuwa hajalia. Kila usiku alikuwa akiniamsha kunyonya, na usiku ule mimi ndiye niliyeamka mwanzo.

Nilitaka kumnyanyua. Mikono ilikataa. Nikajaribu kushusha miguu, nikaanguka chini kama gunia, sikuhisi hata maumivu. Hapo nikajua kwamba nakufa. Sikujua kwa nini, lakini nilijua, na niliogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa nazaa. Nikakusanya pumzi zote nilizokuwa nazo.

"Mama!"

Sauti ilitoka. Niliisikia mwenyewe ikigonga ukuta. Na upande wa pili nikasikia kitanda cha mama kikilia, mlio ule ule ninaoujua tangu utoto, wa mtu anayeinuka kukaa. Amesikia, nikajiambia. Nikamshukuru Mungu, nikatulia, nikamngoja.

Hakuja. Nilimngoja mama yangu kwenye sakafu ya mawe, na ukuta ukanyamaza. Nikafungua mdomo kuita tena, hapakutoka kitu. Nikajiburura mpaka mlangoni, nikaishika ile kanga, nayo ikanifuata. Uso wangu ukaangukia kwenye ufa, kwenye kijiupepo chenye harufu ya mbuzi na mvua. Ninachokumbuka mwisho ni harufu hiyo.

Mama alikuja baada ya adhana ya alfajiri, wakati ambao vitu vya usiku vimekwisha kwenda zao. Aliusukuma mlango ukanigonga kichwa. Alinivuta kwa makwapa mpaka uani, mvua ikaninyeshea, nikatapika. Kisha akarudi ndani kumchukua mtoto. Nilimuona anatoka naye, amemshika vizuri, kichwa chake kwenye kiwiko, kama anavyoshikwa mtoto aliye hai.

Daktari alisema ni hewa ya makaa. Somo alisema daktari hajui mambo yetu. Mtoto alizikwa siku ile ambayo angepewa jina. Tulimpa la haraka haraka, na sitalitaja hapa, kwa kuwa aliitwa nalo kaburini tu. Mbuzi akaliwa na waliokuja kuzika.

Matanga yalijaa wanawake. Mimi nililazwa nyuma ya pazia, na kila aliyeingia nilimsikia mama akimsimulia.

"Liliniita kwa sauti ya mwanangu, mara moja tu. Nikakaa kitandani nikasoma Ayatul Kursiyu, likanyamaza."

"Umefanya vyema hukuitika," wakamwambia. "Ungeondoka na wewe."

Wakamsifu sana. Hata somo alimsifu, na wapo waliowaita binti zao waje wasikie, wapate kujifunza.

Usiku wa kumaliza matanga, watu walipotawanyika, mama aliniletea uji. Aliukoroga muda mrefu, ingawa alikuwa keshaupoza.

"Mwanangu," akasema. "Usiku ule, uliniita?"

"Nilikuita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Pumzi haikutosha."

Aliweka bakuli chini. Nilidhani atalia, nami nilitaka alie, ili nipate kumwambia yaliyonijaa. Hakulia. Alikwenda dirishani akalifungua, akarudi akanilisha uji wote, kijiko kwa kijiko, mpaka ukaisha.

Tangu siku ile mama aliitika. Paka akilia kichochoroni, mama "Abee!" Mlevi akiimba, mama "Abee, nnakuja!" Majirani walisema amechanganyikiwa, wengine wakamletea hirizi. Nilizaa tena, watoto watatu, wote wazima, na kila mara alilala chini kwenye mkeka karibu nami, na moto hakuuruhusu uvuke kizingiti. Somo hakurudi kwetu, wala hakuitwa.

Uzeeni nilimchukua nikaishi naye Amani. Macho yalikuwa yamekwenda, na mambo mengi aliyasahau, hata mazishi ya mume wake. Ila usiku, nyumba ikishatulia, ataketi kitandani ghafla.

"Abee!"

Na hakuna aliyemwita. Atangoja, kichwa kainamisha, anasikiliza. Mwanzo nilikuwa namwambia, "Lala, mama, hakuna mtu," naye hutetemeka mpaka asubuhi. Siku moja nikachoka kumwambia hivyo. Aliposema abee yake nikavuta pumzi, nimelala kitandani kwangu upande wa pili wa chumba, nikamwita, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Mama!"

Akageuza uso.

"Mama!"

"Nnakuja, mwanangu, nnakuja." Akaja akipapasa ukuta, akanishika uso kwa mikono miwili, paji, mashavu, mdomo, akiutafuta uhai. Kisha mkono wake ukateremka ubavuni pangu, ukapapasa shuka.

"Mtoto je?"

"Kalala, mama."