Kamba ya Tulia

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Tulia, maana ndilo neno alilolisema kutwa kucha. Bibi harusi aliambiwa tulia, mtoto anayelia aliambiwa tulia, hata mbuzi aliyekatiza nyuma ya wateja aliambiwa hivyohivyo.

Stendi ya miguu mitatu hakuwahi kununua. "Miwili ninayo, ya nini kununua mitatu?" alikuwa akisema. Alikaza bolti kwenye tundu lililo chini ya kamera, akafunga kamba kwenye bolti, na ncha ya kamba akaikanyaga. Akiinyanyua kamera mpaka kamba ikakaza, mikono haikuwa na pa kwenda. Palipo na ukuta aliuegemea. Palipo na meza aliweka mfuko wa maharage alioushona kwa mguu wa suruali kuukuu, akailaza kamera juu yake. Mwezi mmoja hali ilipokuwa ngumu, mke wake aliutumbua ule mfuko akabandika sufuria. Siku hiyo tulikula stendi, na Mjomba aliongeza sahani.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Daktari alimwambia ugonjwa huo hautibiki, dawa zake ni za kutuliza tu. Kamba ilimfaa kwa muda, lakini baadaye picha zilianza kutoka na ukungu. Wateja wakawa wanamwambia ni nzuri, wanamshukuru, halafu hawarudi. Unafiki ule ulinikera kuliko ugonjwa wenyewe. Mwishowe akafunga studio, kamera akaitia kabatini.

Mama yangu, dada yake mkubwa, hakuwa na hata picha moja ya utu uzima wake. Dada wa mpiga picha! Kila alipoombwa alisema kesho, nikishasuka nywele. Huyo ndiye aliyemlea Mjomba tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni huku yeye mwenyewe hajamaliza kukua. Alipougua na kushindwa kuinuka kitandani, hakusema kesho tena. Alitaka wajukuu waje kuujua uso wake.

"Mwite mdogo wangu, aje na kamera," aliniambia.

"Mama, si simu ninayo hapa?"

"Nimesema mwite."

Mjomba alikuja akasimama mlangoni, kamera ikiwa bado ndani ya mkoba.

"Dada, nitakuharibu. Mikono yenyewe ndiyo hii."

"Kwani mimi nilikuwa mzuri lini? Ingia."

Macho ya Mama hayakustahimili flashi, kwa hiyo tulikuwa na mwanga wa dirisha tu, na mwanga mdogo hutaka kamera ikae wazi kwa muda. Ikitikisika kidogo, uso unafutika. Mjomba aliweka mfuko wa maharage juu ya kigoda, lakini kutoka pale blanketi lilionekana kuliko mgonjwa. Ikabidi apige magoti kando ya kitanda, aishike kamera mwenyewe. Sasa mtu aliyepiga magoti atakanyagaje kamba? Ikabaki inaning'inia, inachezacheza. Nikainama niishike. Mama akaniwahi.

"Lete hapa," alisema, akaizungusha vidoleni.

Akaivuta kwa nguvu alizobakiwa nazo, na Mjomba naye akavuta kwake. Kamba ikakaza, lakini kamera iliendelea kutetemeka, na nilimwona Mjomba machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Niliogopa. Nilijua akishindwa hapa hataishika tena kamera, na Mama ataondoka bila uso.

"Tulia," Mama akamwambia.

Miaka yote ile aliitwa Tulia, lakini hakuna aliyewahi kumwambia yeye atulie. Alikita viwiko kwenye godoro, akavuta pumzi, akaitoa taratibu, akabonyeza.

Mama hakuumaliza mwezi. Picha iko sebuleni kwangu, na uso wake umetoka wazi, hadi kovu dogo la kwenye nyusi. Anaangalia mbele kwa ukali wake uleule, mkono ameunyoosha, na kutoka kwenye ngumi yake kamba inakuja mpaka ukingoni mwa picha. Fundi wa kusafisha picha alitaka kuifuta ile kamba, akisema inaharibu. Mjomba alikataa katakata.

Wanangu huniuliza bibi ameshika nini pale. Huwaambia amemshika mdogo wake.